Unga Juu ya Kitanda Changu

Mwanangu, ipo siku moja haijanitoka kichwani, na kila nikiwasikia vijana mnavyozungumza juu ya mbao za nyumba zenu inanirudia na hasira yake yote. Ni siku Shangazi Mwanaidi alipokunja mkeka wake, akaufunga kwa kamba ya mkonge, akautia kichwani na kutoka kwenye ua aliozaliwa. Hakugeuka nyuma. Alikuwa amefukuzwa kwa sababu ya unga. Si unga wa kupikia ugali, ni unga wa mti, ule unaodondoka kutoka kwenye boriti iliyoingiwa na wadudu. Watu wazima wenye akili zao walimfukuza mtu mzima mwenzao kwa vumbi la mti, na mimi nilikuwepo.

Kabla sijaendelea, weka hiyo simu pembeni. Nimechoka kutumiwa picha. Mara ananipigia mjukuu kutoka Mombo, mara mwingine wa hapa hapa Manundu mtaa wa pili, ananiambia, "Bibi, mlango umeliwa na mchwa, nimeshamwaga dawa." Nikimuuliza ameimwaga wapi, hajui. Nikimuuliza kama ameona njia ya udongo ukutani, hajatazama. Nikimwambia achukue kisu auchome ule mlango tuone, ananiambia ngoja fundi aje. Kumbe mlango wenyewe umeoza kwa maji ya kuogea, mchwa hawajawahi hata kuusogelea. Kwenu ninyi kila kinachoharibu mti ni mchwa, na kama si mchwa basi ni mtu. Hilo la pili ndilo lililonifanya nikuite ukae hapa.

Mimi nilizaliwa hapa hapa Korogwe, baba yangu alikuwa mkata mkonge, nikaolewa upande wa Handeni nikiwa bado msichana. Mume wangu aliitwa Rajabu. Ua tulioishi ulikuwa wa baba mkwe wangu, mtu mpole kupita kiasi, na huo upole wake utaona ulivyotuponza. Alikuwepo mke wake, yaani mama mkwe wangu, na alikuwepo dada yake mkubwa, ndiye huyo Shangazi Mwanaidi. Shangazi alikuwa ameachika zamani, hakujaaliwa mtoto, akarudi kwao. Kwao ndipo hapo, hakuwa na kwingine. Alilala kwenye banda la jiko nyuma ya nyumba kubwa, na ndiye aliyetupikia sote kwa kuni. Yeye na mama mkwe walikuwa mawifi, na walikuwa hawaivi tangu kabla mimi sijafika pale.

Sasa sikiliza mambo yalikoanzia. Nilipoposwa ilibidi Rajabu aongezewe chumba. Harusi imekaribia, mvua nazo zimekaribia, kila mtu ana haraka. Vijana wakaenda porini, wakakata boriti, wakazipandisha juu zikiwa mbichi na magome yake, wakapiga bati. Shangazi aliwaambia wazibambue kwanza, kisha waziache zikauke kivulini. Akajibiwa kwamba ujenzi ni wa wanaume, arudi jikoni. Akarudi jikoni. Haya nilisimuliwa baadaye na Rajabu mwenyewe, na aliyasimulia akicheka.

Tukaoana, tukakaa vizuri, mvua zikapita. Halafu asubuhi moja nikaamka nikakuta unga kwenye shuka. Ulikuwa laini, mweupe wa kufifia, kama unga wa muhogo uliochekechwa vizuri. Nikaukung'uta. Kesho yake upo tena. Nikaukung'uta tena, sikusema kitu, maana bibi harusi mgeni hasemi kila anachokiona. Lakini mama mkwe alikuwa na tabia ya kuingia chumbani kwetu bila kupiga hodi, na siku aliyouona ule unga alisimama pale mlangoni akashika kifua. Hakuniuliza chochote. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe.

Ujue kwamba wakati huo nilikuwa sijashika mimba, na macho ya ua mzima yalikuwa tumboni kwangu. Sasa unga unaonekana kitandani kwa bibi harusi ambaye hajashika mimba. Kwa mama mkwe kesi ilikuwa imekwisha. Akauliza swali moja, na kwa bahati mbaya lilikuwa swali zuri: "Mbona hauanguki chumba kingine?" Ni kweli, haukuanguka kwingine. Nyumba kubwa ilikuwa na boriti za zamani, zilizobambuliwa na kukaushwa na babu yao. Na lile banda la jiko alilolala shangazi lilikuwa jeusi tititi kwa masizi. Boriti zake zimefukizwa moshi wa kuni miaka yote, mdudu gani angetaka kukaa mle? Mwenye kutaka kujua angesema tulinganishe boriti na boriti. Mama mkwe akasema, "Mwenye kutupa unga hawezi kujitupia mwenyewe." Yaani ule moshi uliolinda mti wa shangazi ndio ukawa ushahidi wa uchawi wake. Mpaka leo nikikumbuka naumwa kichwa.

Halafu likaja sikio.

Mwimo wa mlango wetu, ile nguzo ya upande wa kushoto, uliota uyoga. Si uyoga wa mwavuli mnaoujua ninyi. Huu ulikuwa na umbo la sikio la mtu, laini, wa rangi ya kahawia, umejishikiza kwenye mti karibu na kizingiti. Bati letu halikuwa na mfereji, maji ya mvua yote yalikuwa yakimwagikia pale, na udongo ulikuwa umejirundika ukaufunika mwimo kwa chini. Mti ukikaa na maji namna ile huoza, na uozo ukishashika ndani ndipo uyoga unachomoza nje. Lakini jirani yetu mmoja, mwanamke aliyependa sana habari za watu, akasema lile ni sikio la kusikilizia. Shangazi amelipandikiza pale asikie tunachozungumza chumbani. Na watu wakakubali. Nakuapia, mwanangu, watu wakakubali. Tangu siku hiyo Rajabu, mwanamume mzima mwenye ndevu, akawa ananong'ona ndani ya chumba chake kwa kuogopa uyoga.

Kikaitishwa kikao cha familia pale uani. Baba mkwe aliwaachia wengine waseme, na wengine walisema kweli kweli. Yakafufuliwa mambo ya mbuzi aliyekufa, ya mtoto wa fulani aliyeugua surua, ya mahindi ya mwaka ule wa ukame, kana kwamba Handeni haijawahi kukosa mvua kabla ya Shangazi Mwanaidi kuzaliwa. Yeye aliwaacha wamalize. Kisha akasimama. Hakuwa mtu wa kulialia, alikuwa mkali.

"Mnaokota unga chini, halafu mnanitazama mimi," akasema. "Unga unaota chini? Hamna shingo za kutazama juu?"

Hakuna aliyetazama juu. Mama mkwe akasema huo ni ujeuri wa mtu aliyekamatwa. Shangazi akamgeukia baba mkwe. "Na wewe, mdogo wangu?"

Baba mkwe akatazama vidole vya miguu yake. Akasema labda dada yake apumzike kidogo Hale, kwa binti wa marehemu dada yao, mpaka mambo yatulie. Ndio ule upole niliokuambia. Mtu mpole asiyesimama upande wowote huwa amesimama na wenye kelele, ila yeye mwenyewe hajui. Kesho yake shangazi akakunja mkeka.

Wewe ungetegemea kwamba mtu akishaondoka na unga ukaendelea kuanguka, watu watashtuka na kujiuliza. Ukaendelea kuanguka. Mama mkwe akasema, "Anautuma kutoka Hale." Jirani akaongeza kwamba ukitumwa kutoka mbali ndio unakuwa mkali zaidi. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo utamshinda kwa hoja gani? Shangazi akiwepo, ni yeye. Asipokuwepo, ni yeye. Nilikuwa napika sasa mimi, kwenye lile lile banda lake, nikiwasikia wanavyosema, upawa mkononi, nikitamani kumpiga nao mtu.

Akaletwa mganga. Alizunguka chumba, akafukiza vitu vyake, akaagiza kitanda kihamishwe kutoka ukuta wa mashariki kiende ukuta wa magharibi. Kikahamishwa. Na kweli, kitandani unga ukakoma. Ungeona furaha iliyokuwepo. Kuku akachinjwa, mganga akasifiwa, jirani akaja kula. Shangazi Mwanaidi ndio akawa amethibitishwa kabisa kuwa mchawi, maana dawa imefanya kazi.

Lakini aliyefagia kile chumba kila asubuhi ni mimi. Na mimi nilikuwa naona unga uko pale pale ulipokuwa, isipokuwa sasa unaanguka sakafuni, kwenye nafasi iliyoachwa na kitanda. Uchawi gani huo uliotumwa kwangu, halafu haukupata habari kwamba nimehama? Siku hiyo ndipo nilipolikumbuka neno la shangazi. Nikachukua kaniki yangu nyeusi, nikaitandaza pale sakafuni, nikafunga mlango nikaenda shamba. Niliporudi, unga ulikuwa umejipanga juu ya ile kaniki kwa mstari ulionyooka. Nikainua uso. Juu ya ule mstari, sambamba nao, ilipita boriti. Gome lake lilikuwa limejaa vitundu vidogo vya mviringo, kama limechomwa kwa sindano nene, na kwenye vitundu vingine unga ulikuwa bado unaning'inia.

Sikwenda kwa mama mkwe. Nilikwenda kwa baba mkwe, nikapiga magoti, nikamwomba aje atazame kitu. Akaja na panga. Akapanda juu ya kinu, akaichopeka ncha ya panga chini ya gome, na gome likabanduka kipande kizima bila shida, maana hakukuwa na kitu tena cha kulishikilia. Unga ukatumwagikia kichwani. Chini ya gome, ule mti mweupe wa nje ulikuwa umechimbwa vijia vilivyoshindiliwa unga, na ndani ya vijia mna mabuu meupe, manene, yamejikunja. Na kidudu kimoja kikubwa kidogo kuliko fukusi wa mahindi, chenye ganda la kahawia, kikatembea juu ya panga la baba mkwe. Yule mzee akakiokota kidudu kile, akakiinua usawa wa macho.

Kisha akashuka, akaenda mlangoni, akaling'oa lile sikio kwa mkono wake, akachomeka kisu kwenye mwimo. Kisu kikazama mpaka mpini. Akakitoa, akachoma mwimo wa pili, ule ambao maji hayaufikii, kisu kikagoma. Akainua macho kwenye ukingo wa bati. Akatazama chini palipochimbika kwa matone. Mama mkwe alikuwa amefika, ameona yote. Unajua alisema nini? Alisema, "Basi labda ni yeye aliyewaleta hao wadudu."

Baba mkwe akamjibu, "Na mvua aliileta yeye?" Ndilo neno la kwanza kali nililomsikia akisema, na lilikuwa limechelewa.

Sasa ngoja nikufundishe kabla sijafika Hale, maana wewe ni wa wale wale, ukiondoka hapa bila kuelewa utamwaga dawa ya mchwa kwenye uyoga. Mambo ya mti ni mengi lakini yanatofautiana waziwazi kwa mtu anayetazama. Ukiona unga laini unadondoka na vitundu vya mviringo, hao ni vidudu vya ganda waliotagwa ndani ya mti, na wanapenda ule weupe ulio chini ya gome kuliko moyo wa mti. Ndio maana mbao yenye kipande cha gome pembeni nikiiona kwenye nyumba mpya nashikwa na hasira. Vitundu peke yake havitoshi. Vinaweza kuwa vya zamani, wenyewe walishatoboa wakaruka zamani, na mti umebaki mzima. Kitundu cha zamani ndani yake kuna giza la uchafu na utando wa buibui. Kipya ni cheupe. Kama huna hakika, fagia, tandaza kitambaa cheusi, usubiri. Mdudu aliye hai ataandika mwenyewe.

Ukikuta chini si unga bali vipunje vigumu, vidogo, mfano wa ufuta, hao ni mchwa wa mti mkavu. Wanaishi humo humo ndani ya mbao, hawana haja na udongo. Mchwa wa ardhini ndio wenye ile njia ya udongo inayopanda ukutani au kwenye mguu wa kabati, na hao hawaachi unga wala vipunje. Wanakula ndani wanaacha ngozi ya nje, unagonga mbao kwa kidole cha katikati unasikia inaitika utupu. Kwa hao ndiyo, dawa yako ya mchwa mwaga, tena mwaga chini wanakotokea. Lakini huwezi kumwagia udongo dawa ukategemea boriti ya juu ipone vidudu vya ganda. Nimelisema hili kwa watu wangapi, na bado wanakwenda dukani kununua kopo lile lile.

Uozo nao ni jambo jingine kabisa. Uozo hauna unga unaodondoka, una maji. Mti unageuka rangi, mwingine unakuwa wa kahawia na kupasuka vipande vya mraba kama udongo wa bwawa lililokauka, mwingine unakuwa mweupe na kuchambuka nyuzi nyuzi. Unanuka uvundo wa kitu kilichofungiwa. Kisu kinaingia bila kusukuma. Chokonoa kibanzi ukivunje: mti mzima kibanzi chake huwa kirefu, kina makali, mti uliooza unakatika kifupi, pap, kama biskuti iliyolowa. Na usinichanganyie na ukungu wa juu juu, ule mweusi unaopangusa kwa kitambaa ukatoka. Huo unakuambia tu kwamba pana unyevu. Ukishajua ni uozo, usianze na mbao. Anza na maji yanatoka wapi. Bati limetoboka? Udongo umepanda mlangoni? Bomba linavuja nyuma ya ukuta? Ukibadilisha mbao ukaacha maji, umempelekea uozo chakula kipya.

Na hili la kupaka oili chafu juu ya mti ambao tayari umeoza, sijui mlilitoa wapi. Unapaka unakuwa mweusi, unang'aa, mgeni anasifu, na ndani umelegea. Halafu mnafunga dari ya jipsamu chini ya kenchi za paa, hakuna hata kidirisha cha kuchungulia, mnaita umaridadi. Siku paa likikaa upande mnaanza kuulizana nani amewaroga.

Basi, turudi kwa shangazi. Boriti zilishushwa zikachomwa moto, zikapandishwa nyingine zilizobambuliwa na kukaushwa. Mwimo ukabadilishwa, udongo ukashushwa, bati likawekewa mfereji. Mambo yote yakanyooka ndani ya nyumba, ikabaki kumrudisha mwenyewe. Mama mkwe hakutaka kwenda, alisema mgongo unamuuma. Baba mkwe alisema ataona haya. Tukatumwa mimi na Rajabu, na doti ya kanga na kuku jike. Tukapanda gari mpaka Korogwe, tukapanda jingine la Hale.

Tulimkuta uani kwa yule binti wa dada yake, anachambua mchicha. Tukamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitika marahaba, akatupa vigoda, akaendelea na mchicha wake. Rajabu akaweka kanga mbele yake.

"Shangazi, tumeona wadudu," akasema. "Walikuwa kwenye boriti. Na lile sikio ni uyoga, mwimo ulikuwa umeoza. Baba anasema urudi nyumbani."

"Mmewaona kwa macho?"

"Kwa macho, shangazi. Baba mwenyewe amewaona."

"Kwa hiyo mimi si mchawi."

"Hapana, shangazi. Tulikosea."

"Kwa sababu mmeona wadudu."

"Ndiyo."

Akaacha mchicha. Akamtazama Rajabu, na ule ukali niliouzoea haukuwepo, na ningeomba ungekuwepo. "Wadudu hao huota mabawa, baba. Wakishatoboa huruka wakaenda zao. Wangekuwa wameruka kabla baba yako hajapanda, mkakuta vitundu vitupu, mimi ningekuwa nani kwenu leo?"

Rajabu akaanza kuzikunja upya zile kanga. Na mimi nilimtazama yule kuku aliyefungwa miguu, kwa sababu sikuwa na pa kutazama. Shangazi akangoja jibu. Alingoja kwa haki kabisa, kama mtu aliyeuliza bei. Alipoona halipo, akainuka akatupikia. Tulikula ugali na ule mchicha, akatusindikiza mpaka barabarani, kanga akazipokea, maana hakuwa mtu wa kususa. Lakini hakurudi. Baba mkwe alikwenda mwenyewe baadaye, zaidi ya mara moja, akarudi peke yake. Mimba nilikuja kushika nilipojaliwa, bila mganga wala kuhamisha kitanda. Shangazi alikuja kumwona mtoto, akambeba, akamsifia, na jua lilipoanza kupoa akaaga kama mgeni yeyote.

Alipofariki tulipata habari tukaenda. Baba mkwe aliomba mwili uletwe Handeni, alazwe karibu na wazazi wao. Yule binti wa Hale akasema kwa adabu kabisa kwamba marehemu aliacha neno: azikwe na waliokaa naye. Yule mzee mpole alisimama pembeni ya kaburi la dada yake akiwa mgeni, anasubiri zamu ya kutupa udongo baada ya majirani wa Hale. Nilimwona akilia, na nilimwonea huruma, na hasira yangu haikuisha.

Sasa, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na sitazirudia maana nimezeeka. Nyumba yako ichunguze mwenyewe, kwa macho, kisu na kidole, kabla ya mvua na baada ya mvua. Mti uubambue na uukaushe kabla haujapanda juu, hata kama harusi ni kesho, ahirisha harusi. Kila uharibifu uite kwa jina lake: unga ni mdudu, udongo ni mchwa, ulaini ni maji. Maji yafuate mpaka utakapoyakuta yanakotoka. Na ukichunguza ukakosa kabisa kujua ni nini, basi sema sijui. Sijui ni jibu zuri, halijamfukuza mtu yeyote. Lakini usithubutu kuchukua usichokijua ukambandika mtu wako, halafu ukangoja kidudu kije kumtolea ushahidi. Watu wako wasiwe na haja ya shahidi mbele yako.

Mungu akujalie paa kavu na milango inayofunga vizuri. Akujalie wazee ndani ya nyumba yako, wenye ukali wao na maneno yao, uchoke nao kama mimi ninavyochoka na ninyi. Na siku ya kuondoka kwao ikifika, iwe ni Yeye aliyewaita, wakiwa wamelala kitandani kwao, kwao.